Kusoma Karatasi za Jeraha Lako: Maneno ya Daktari, Polisi na Mahakama

Msimu wa korosho ukishafunguliwa, malori yanapishana usiku kucha kutoka Newala na Tandahimba kwenda Mtwara mjini, bodaboda nazo zinawahi minada, na hapa Masasi kwenye kibaraza changu wanaanza kuja watu wenye magongo na bahasha. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Maswali ninayoulizwa ni yale yale kila mwaka. "Dereva kalipa faini mahakamani, hela yangu nikaichukulie wapi?" "Hii alama kwenye cheti cha daktari ina maana gani?" "Walinipa laki mbili nikatia dole gumba, bado naweza kudai?"

Nimeuandika mwongozo huu ukae nao pamoja na karatasi zako mezani, uzisome mwenyewe kabla mtu mwingine hajakusomea kwa faida yake. Hautakufanya wakili wala daktari. Utajua tu neno gani likikosewa linakugharimu, na wapi pa kuuliza.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Karatasi zote za hospitali, hata kipande cha dawa na bahasha ya picha ya eksirei.
- Namba ya RB kutoka kituo cha polisi ulikoripoti.
- Nakala ya PF3. Kama huna, Hatua ya 2 inakuhusu.
- Kitambulisho cha NIDA, au angalau namba yake.
- Daftari la kurasa nyingi na kalamu. Usitumie penseli.
- Namba ya usajili ya chombo kilichokugonga, au jina la mwajiri kama uliumia kazini.
- Mtu mmoja wa nyumbani anayejua kusoma, awe anafuatana nawe. Mwenye maumivu husahau nusu ya anayoambiwa.

Hatua ya 1: Zitenge karatasi mafungu matatu

Fungu la polisi, fungu la hospitali, fungu la gharama. Piga picha kila karatasi kwa simu, mbele na nyuma, kisha tuma picha hizo kwa ndugu yako mmoja ili zisipotee na simu. Karatasi halisi zitie kwenye bahasha ngumu. Nimeshaletewa PF3 iliyokunjwa mara nane ndani ya kifuko cha nailoni pamoja na tumbaku; muhuri wa hospitali ulikuwa umebaki duara la rangi ya maji ya bamia, jina la daktari halisomeki.

Hatua ya 2: Soma fungu la polisi

RB ni namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Ukifika sema tu: "Afande, naomba namba ya RB ya ajali yangu." Iandike kwenye jalada la daftari lako, maana kila utakapokwenda ndiyo itakayoulizwa.

PF3 ni Fomu Namba 3 ya Polisi. Polisi anaijaza upande wake, wewe unaipeleka hospitali, daktari anajaza alichokiona mwilini mwako, kisha inarudi polisi. Inatolewa bure. Majeruhi anayevuja damu akimbizwe hospitali kwanza, ndugu mmoja ndiye akafuate fomu. Kabla haijarudi kituoni, toa kivuli.

Sehemu ya daktari kwenye fomu hiyo inataka aina ya madhara, na hapo maneno yana uzito wa kisheria. "Madhara" peke yake ni maumivu au jeraha lolote la mwili. "Madhara makubwa" ni yale yanayoharibu afya vibaya au kwa kudumu, au yanayokuachia kovu la kudumu linaloharibu umbo lako. "Kilema" ni kiungo, cha nje au cha ndani, kuharibika au kupoteza kazi yake moja kwa moja. Mtu aliyepoteza jicho halafu fomu yake ikasomeka "madhara" tu ana haki ya kumuuliza daktari kwa heshima kwa nini.

Kwenye jalada la polisi omba pia vitu vitatu: ripoti ya ajali, mchoro wa eneo la ajali na ripoti ya ukaguzi wa chombo. Mchoro unaonyesha chombo kipi kilikuwa upande wa nani. Kampuni ya bima itaviuliza vyote.

Hatua ya 3: Soma cheti cha daktari, mstari kwa mstari

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, kwa sababu mwandiko ni wa haraka na vifupisho ni vya kigeni. Ukijua vichache hivi, utapita.

Alama ya reli (#), ile unayoibonyeza mwisho ukituma pesa kwa simu, kwa daktari maana yake ni mfupa uliovunjika. Ikifuatwa na "tib/fib" ni mifupa miwili ya muundi. Usiichukulie kama namba ya faili.

Rt ni kulia, Lt ni kushoto. Wakati mwingine ni herufi moja tu ndani ya duara, R au L.

RTA ni ajali ya barabarani.

POP ni plasta ngumu, ile watu wanaita piopi. ORIF ni upasuaji wa kuufungua mguu au mkono na kuushika mfupa kwa vyuma. Ukiona ORIF, ujue pengine kutakuwa na upasuaji wa pili wa kuvitoa vyuma hivyo, na gharama yake ni sehemu ya madai yako.

GCS ni kipimo cha fahamu. Cha chini kabisa ni 3, cha juu ni 15. Anayefika na 15 anafungua macho, anajibu vizuri na anafuata maelekezo. 8 kushuka chini ni jeraha zito la kichwa. LOC ina maana ulipoteza fahamu. Kama ulizimia baada ya kugongwa na hukusema, haitaandikwa, na miezi mitatu baadaye ukilalamika kichwa kinauma na unasahau, hakuna pa kushikia.

NAD ni "hakuna kasoro iliyoonekana". Haimaanishi huumwi. Ina maana kwamba siku ile, kwa kipimo kile, daktari hakuona kitu.

Halafu zile namba za mkwaju. 3/7 ni siku tatu, 6/52 ni wiki sita, 3/12 ni miezi mitatu. Namba ya chini inakuambia kipimo: juma lina siku 7, mwaka una wiki 52 au miezi 12. Kijana mmoja wa Nanyamba aliandikiwa ED 6/52, yaani apumzike kazi wiki sita. Yeye akasoma 6 akaelewa siku sita. Akakata piopi kwa msumeno nyumbani, akarudi ghalani kupakia magunia. Mfupa ulihama, na alipodai, upande wa pili uliweka cheti hicho mezani na kusema alijivunja tena mwenyewe. Sijaisahau sura yake alipoelezwa maana ya ile 52.

Kwa maelezo ya majeraha yenyewe, shika tofauti hizi. Mchubuko ni ngozi ya juu kukwaruzika. Mvilio ni damu kujaa chini ya ngozi isiyopasuka. Mkato una kingo safi, kama wa panga au kioo. Mpasuko una kingo zilizochanika, kama wa kuburuzwa kwenye lami. Kuteguka ni kiungo kutoka mahali pake au kano kuvutika, kuvunjika ni mfupa, na kuvunjika kwa wazi ni mfupa kuwa na njia ya kutokea nje kupitia kidonda, hali yenye hatari kubwa ya kuingiwa na wadudu. Kijijini vyote vinaitwa "kavunjika", lakini mahakamani kila kimoja kina bei yake.

Usikasirike ukisoma kwamba "anadai aligongwa". Daktari hakuwepo barabarani, anaandika ulichomwambia. Hajakuita mwongo.

Hatua ya 4: Hakikisha historia ya ajali ni ya kweli

Hatua hii ndiyo iliyonifanya niingie kazi hii, kwa hiyo nivumilie nikikawia kidogo.

Mama yangu mkubwa aligongwa na bodaboda maeneo ya Mnazi Mmoja, pale barabara ya Masasi inapoachana na ya Lindi. Kijana aliyemgonga alimbeba mwenyewe hadi kituo cha afya, akanunua hata maji. Tulimshukuru sana. Dirishani alipoulizwa bibi kapatwa na nini, yeye ndiye aliyejibu: "Bibi kateleza." Mama alikuwa hajiwezi kwa maumivu ya nyonga. Ikaandikwa kuanguka, tena mguu wa kushoto wakati ulioumia ni wa kulia. Tulipokuja kudai, karatasi ya kwanza ya hospitali ilikuwa inasema bibi alianguka mwenyewe na kuumia mguu mwingine. Shahidi tulikuwa naye, lakini karatasi ya siku ile ile ina nguvu kuliko kumbukumbu ya mtu ya mwaka mzima baadaye. Ilituchukua miezi mingi ya kwenda na kurudi, na mama alikufa kabla suala halijaisha.

Kwa hiyo, kabla hujatoka hospitali, mwambie daktari au muuguzi: "Daktari, samahani, naomba unisomee hapa palipoandikwa nilivyoumia." Sikiliza mambo manne: umegongwa na nini, wapi, saa ngapi, upande gani wa mwili.

Ukikuta kosa, omba lirekebishwe na aliyeandika. Anapiga mstari mmoja juu ya neno lenye kosa, anaandika sahihi pembeni, anasaini, anaweka tarehe na muhuri. Kamwe usifute wala kuongezea kwa mkono wako, hata kama ni herufi moja na una uhakika nayo. Karatasi iliyochezewa inaua na zile nyingine nzima.

Na usijitoe wodini kwenda kwa fundi wa mifupa bila kusaini na kuelezwa. Siwabezi wazee wetu wanaounga mifupa. Lakini faili litaandikwa kwamba umeondoka kinyume cha ushauri wa daktari, na sheria inamtaka aliyeumia afanye juhudi ya kupunguza hasara yake. Mguu ukipinda, mdaiwa atasema ulipinda kwa uamuzi wako.

Hatua ya 5: Jua uko mlango gani

Milango ni mitatu, na maneno yake hayafanani.

Jinai. Jamhuri inamshtaki dereva kwa uendeshaji wa hatari au wa uzembe. Yeye anaitwa mshtakiwa, wewe ni shahidi. Akikiri na kulipa faini, faini hiyo inakwenda serikalini, haiji kwako. Hakimu anaweza kuamuru na fidia, ila usikae ukiisubiri. Unachokitaka huko ni nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama, kwa sababu dereva aliyetiwa hatiani atapata taabu kubwa kukana uzembe kwenye mlango wa pili. Mara nyingi kesi hizi zinaisha asubuhi moja bila wewe kujulishwa. Ulizia kwa mpelelezi kila wiki.

Madai. Hapa wewe ni mdai, yeye ni mdaiwa. Kwa kawaida shauri la fidia ya majeraha linafunguliwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Unathibitisha uzembe, yaani kwamba alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu, akauvunja, na kuumia kwako kukatokana na hapo. Wao watakuja na neno "uzembe changizi": kwamba na wewe ulichangia, labda hukuwa na helmeti au ulivuka ukiangalia simu. Mwenye chombo naye anaweza kushtakiwa pamoja na dereva aliyekuwa akimfanyia kazi. Pikipiki ya hesabu ya kila siku haina ugumu mkubwa hapo. Pikipiki ya mkataba, ambayo dereva anailipia hadi iwe yake, ina mabishano. Jina lililo kwenye kadi ya pikipiki lipate mapema.

Kazini. Uliyeumia kiwandani, ghalani au ukitumwa na mwajiri, mlango wako ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri; mshahara wako haukatwi hata senti. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7. Neno la kulishika ni "ulemavu wa muda", unaolipwa asilimia 70 ya kipato chako kwa muda usiozidi miezi 24, na "ulemavu wa kudumu", unaopimwa kwa asilimia baada ya matibabu kufika mwisho. Asilimia hiyo ni ya mwili kupoteza uwezo. Usiichanganye na asilimia ya mshahara.

Hatua ya 6: Hesabu hasara yako

Fidia ina mafungu mawili na kila moja lina kanuni yake.

Fidia mahsusi ni kila kinachohesabika: dawa, picha, nauli, magongo, chakula cha anayekuuguza, mapato uliyokosa. Lazima itajwe kipengele kwa kipengele kwenye hati ya madai, na kila kipengele kithibitishwe. Bila ushahidi unapata sifuri hata kama hakimu anakuonea huruma.

Mali bila daftari huisha bila habari, na jeraha nalo ni hivyo hivyo. Bodaboda anayekupeleka hospitali ya Ndanda au Nyangao kubadilisha kidonda hana risiti, basi andika siku hiyo hiyo tarehe, ulikotoka, ulikokwenda, kiasi, jina lake, na asaini.

Mkulima wa korosho huniambia hana kipato cha kuthibitisha. Unacho. Stakabadhi za chama chako cha msingi na taarifa ya benki ya malipo ya misimu iliyopita vinaonyesha kilo na bei. Kama ulilala hospitali wakati mikorosho inachanua na salfa haikupulizwa, hiyo ni hasara yenye tarehe. Kama ulilipa kibarua akupulizie, mwandikishe karatasi: ekari au miti mingapi, siku gani, shilingi ngapi, sahihi, shahidi.

Fidia ya jumla ni ya visivyohesabika: maumivu, kovu, kushindwa kusujudu au kumbeba mwanao. Kiasi anapanga hakimu. Wewe unampa sababu, na sababu nzuri ni ripoti ya daktari inayosema huwezi kufanya nini.

Hatua ya 7: Bima, na karatasi ya mwisho

Watu wanasema "bima kubwa" na "bima ndogo". Bima ndogo ndiyo ya mtu wa tatu, ambayo sheria inaitaka kwa kila chombo cha moto barabarani. Mtu wa tatu ni wewe uliyegongwa. Angalia kama chombo kina bima hai kwa kuingiza namba ya usajili kwenye TIRA MIS, mfumo wa intaneti wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Mtoto yeyote wa sekondari mwenye simu atakusaidia. Kisha ijulishe kampuni kwa barua kabla hujafungua shauri, na nakala yako ya barua hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa.

Siku ya malipo utaletewa vocha ya kumaliza madai, wengi wanaiita dischaji vocha. Ndani yake kuna maneno ya aina hii: "malipo kamili na ya mwisho", "nimemwachilia mdaiwa na bima yake dhidi ya madai yote ya sasa na ya baadaye". Neno "baadaye" ndilo la kulikazia macho. Ukisaini halafu mguu ukaoza mwezi ujao, umeshauacha.

Kwa hiyo usisaini kabla daktari hajasema kwa maandishi kwamba hali yako imetulia, na kama kuna upasuaji wa kutoa vyuma mbele yako, gharama yake iwemo. Omba siku tatu ukaisome nyumbani. Anayekuambia "saini leo au pesa inarudi" anakutisha.

Hali ni hiyo hiyo kwa makubaliano ya kijijini. Laki mbili za mwenye pikipiki mbele ya mtendaji zipokee ukitaka, zinasaidia dawa. Lakini karatasi iandikwe "msaada wa awali wa matibabu", isiandikwe "sina madai tena".

Hatua ya 8: Hesabu siku

Ukomo wa muda ni siku ya mwisho ya kudai. Madai ya fidia kwa jeraha la uzembe, miaka 3. WCF, miezi 12. Ukitaka kuishtaki Serikali au halmashauri, unatanguliza notisi ya siku 90. Hesabu kuanzia siku ya ajali na uiandike tarehe ya mwisho ukutani.

Ukikwama

PF3 imepotea. Nenda kituo kile kile na namba ya RB, eleza, omba nakala kutoka kwenye jalada. Hospitali nayo ina faili lako. Unaweza kuomba ripoti ya daktari kwa barua.

Daktari aliyenitibu amehamishwa. Muhimu ni kumbukumbu za hospitali. Andika kwa mganga mfawidhi, kama ni hospitali ya Ligula au ya Sokoine andika kule kule, taja tarehe uliyolazwa na namba ya faili.

Chombo kilikimbia. Ripoti hivyo hivyo upate RB, tafuta mashahidi siku hiyo hiyo, andika rangi, aina na hata tarakimu mbili za namba ulizoziona.

Chombo hakina bima. Mdaiwa bado ni dereva na mwenye chombo. Safari inakuwa ndefu zaidi, na kadi ya chombo ndiyo itakayokuonyesha wa kumdai.

Kampuni ya bima haijibu. Andika barua ya kukumbusha yenye tarehe, kisha peleka malalamiko TIRA na nakala za barua zote mbili.

Mwajiri amekataa kutoa taarifa WCF. Nenda ofisi ya Mfuko mwenyewe na cheti cha hospitali, na mfanyakazi mwenzako aliyeona. Usisubiri mwajiri abadilishe moyo, miezi 12 inatembea.

Nimeshasaini vocha bila kuelewa. Usiichane. Ilete pamoja na maelezo ya nani aliyekuwepo, ulikuwa katika hali gani, nani alikusomea na kwa maneno gani. Mtu aliyesainishwa akiwa na dawa za usingizi kitandani, au aliyedanganywa maana ya karatasi, ana la kusema mbele ya wakili. Sikuahidi kitu hapo.

Hukumu imekuja kwa Kiingereza. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Andika barua kwa msajili au hakimu mfawidhi, omba upewe kwa Kiswahili.

Sina hela ya wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa msaada bure kwa asiye na uwezo. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako au kwa msaidizi wa kisheria wa kata, na uende na yale mafungu matatu ya karatasi yakiwa yameshapangwa.